Namba Inayorukwa

Asubuhi ya kwanza, watoto darasani walikuwa arobaini, na sauti zilizoitika zilikuwa arobaini na moja.

Mwalimu mpya hakulitilia maanani. Alikuwa na mengine ya kuhangaikia: chaki iliyokuwa ikimkatikia mkononi, na binti yake mwenyewe aliyeketi dawati la tatu karibu na dirisha, akijitahidi kumtazama kama mtu asiyemjua. Kwa miaka ishirini alikuwa fundi mkaguzi wa lifti. Alijua kusikiliza kamba ya chuma ikipita kwenye gurudumu na kuitambua kasoro kabla jicho halijaiona. Lakini kazi ile ilimtoa nyumbani mtoto hajaamka na kumrudisha mtoto ameshalala, mpaka siku moja binti akamuuliza kama ni lazima awe lifti ndipo baba amkague. Mzaha ule ulimganda rohoni. Akasoma kozi ya miezi tisa, ile ya watu wa kazi nyingine wanaotaka kufundisha, akapewa darasa la tano katikati ya muhula.

Katika ofisi ya walimu, watu wa kozi ile waliitwa walimu wa kuchovya: wamechovywa kidogo, wakatolewa, wakaanikwa. Yeye walimbandika jina la Lifti, na kila asubuhi wakamuuliza kama leo anapanda au anashuka. Aliucheka utani huo pamoja nao. Ila kati ya utani na utani, kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia lile jambo, na hakuna aliyemwambia.

Shuleni pale watoto waliitwa kwa namba. Daftari la mahudhurio lilikuwa na mistari arobaini na mmoja, na mstari wa ishirini na tatu haukuwa na jina wala alama yoyote tangu ukurasa wa kwanza. Mkaguzi wa lifti haachi kisanduku kitupu. Katika kazi ile, kisanduku kimoja kilichosahauliwa kinaweza kumteremsha mtu ghorofa tisa kwa pumzi moja. Aliwahi pia kufunga vibonye katika majengo yasiyo na ghorofa ya kumi na tatu, namba imerukwa kwa sababu wenye nyumba wanaiogopa, na kila mara alicheka peke yake. Basi alipomaliza ishirini na mbili, hakuruka.

"Ishirini na tatu," aliita.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mtoto mwenye adabu, imekwaruza kidogo, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema. Akaweka alama ya vema. Alipoinua macho, watoto wote walikuwa wameinamisha vichwa juu ya madawati.

Jioni, binti yake alimweleza. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alisimulia akila, akioga, hata usingizini, akijikatiza kwa kikohozi kidogo tu. Siku hiyo alisema kwa sauti ya chini, akiuangalia mlango, kwamba walimu wote huiruka ishirini na tatu. Baba akamuuliza kwa nini. Hakujua. Walikuta inarukwa, nao wakazoea.

"Usiiite tena, baba," alinong'ona. "Mimi ni ishirini na nne. Nakaa karibu naye."

Baba akamwambia hakuna "naye". Kuna mtundu mmoja mwenye kipaji cha kubadili sauti, na atamnasa kabla ya Ijumaa.

Akaita Jumanne, akaita Jumatano. Kila alipoita aliinua macho haraka ili aone mdomo gani unachezacheza, na kila mara midomo yote ilikuwa imefumbwa. Darasani kukaanza kunuka kama nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni, juu yake harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Alipogeuka kuandika ubaoni, alisikia nyuma yake dawati likiburuzwa taratibu, inchi kwa inchi, na alipogeuka tena madawati yote yalikuwa mahali pake, ila nafasi kati ya dawati la binti yake na lile tupu la kando ilikuwa imepungua.

Alhamisi aliita tena, kisha akawapa insha: Nikiwa mkubwa nitakuwa nani. Alipokusanya madaftari na kuyahesabu, yalikuwa arobaini na moja. La mwisho halikuwa na jina kwenye jalada. Lilikuwa zito na lenye unyevu, na kurasa zake zote zilikuwa zimejaa maneno yake mwenyewe, kila alilolisema tangu Jumatatu, kila somo, kila mzaha, na baada ya hayo maneno aliyomwambia mkewe jikoni, na yale aliyomwambia binti yake jioni ile mlango ukiwa umefungwa. Katika ukurasa wa insha kulikuwa na mstari mmoja tu, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtoto anayetaka kusifiwa.

Nikiwa mkubwa nitakuwa ishirini na nne.

Usiku ule Kasuku hakusimulia kitu. Mama yake alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Akamuuliza kama koo linauma, na mtoto akatikisa kichwa. Mama akamgeukia mumewe, akamwambia polepole kwamba alihama kazi ili ampate huyu mtoto, na sasa mtoto ndiye anayeondoka.

Asubuhi yake mwalimu alifungua daftari la mahudhurio. Akaazimia kuiruka namba ile kama wenzake. Akaita ishirini na mbili, kisha ishirini na nne, na kutoka kwenye kinywa cha binti yake, ambacho hakikufunguka, ikatoka ile sauti iliyokwaruza, yenye adabu: "Nipo." Na kabla hajavuta pumzi, kutoka mahali patupu kando ya dawati, mbali kama mtu anayeita kutoka chini ya shimo la lifti, binti yake akaitika namba ambayo hakuna aliyeiita.

"Nipo, baba."

Aliwaacha watoto vile vile, akaingia kwa karani wa shule bila kubisha hodi. Karani alikuwa mama wa makamo, mkali wa mihuri na foleni, na ndiye aliyetunza madaftari ya shule kama alivyoyatunza mama yake kabla yake. Aliuona uso wa mwalimu, akafunga mlango.

"Umeiita," alisema. "Mara ngapi?"

"Siku nne."

Karani akakaa. Akamweleza kwamba kiwanja kile kilikuwa na mwenyewe, jini, kabla ya kujengwa shule. Jini huyo alipenda sauti za watoto, na mwaka wa kwanza alizichukua mbili. Ndipo mwalimu mkuu wa siku hizo akapatana naye: atapewa nafasi darasani, akae, asikilize, ila jina lake lisiandikwe na namba yake isiitwe. Asiyeitwa hana ruhusa ya kuitika. Mwalimu Lifti akasema atazifuta zile alama daftarini. Karani akasema kufuta hakusaidii kitu, kwa kuwa ameshapokelewa kwa mkono wa mwalimu, na mwanafunzi aliyepokelewa hatoki ila kwa uhamisho.

Akafungua droo, akatoa fomu. Akamwonya ajaze kila kisanduku, maana atakachokiacha kitupu, yule jini atakijaza.

Alijaza kama alivyozoea, kisanduku baada ya kisanduku. Namba. Darasa. Tarehe. Alipofika penye Anahamia Wapi, kalamu ilisimama. Shule yoyote ambayo angeiandika ilikuwa na watoto. Aliziwaza insha arobaini alizokuwa hajazisahihisha, na jinsi alivyoanza, wiki hii hii, kuipenda sauti yake mwenyewe ikifundisha. Kisha akaandika: Kwa mwalimu wake. Karani alisoma, akagonga muhuri.

"Hutaweza kushika darasa tena," alisema. "Popote."

"Najua, dada."

Akarudi, akasimama mbele ya watoto, akaisoma fomu kwa sauti, na alipofika neno la mwisho ile harufu ya nguo mbichi ikapanda mpaka watoto wakaziba pua, na lile dawati tupu likaburuzwa, safari hii mbele ya macho ya wote, na nyayo ndogo zenye maji zikatokea sakafuni moja baada ya nyingine, zikapita kando ya Kasuku, zikasimama hapo kwa muda ambao baba yake aliuhesabu kwa mapigo ya moyo mpaka kumi na tisa, kisha zikaendelea kuja, taratibu, kwa utiifu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, hadi zikafika kwenye viatu vyake, na hapo zikakoma.

Binti yake akafumbua kinywa. "Baba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, kisha akalia, kisha akasema, akasema, mpaka kengele ikalia.

Mwezi uliofuata yule fundi alikuwa amerudi kwenye lifti. Nyumbani Kasuku alisimulia akila na akioga. Baba alimsikiliza kila neno, na hakumwita kwa jina akiwa mbali naye, wala hakumwita mtu yeyote, asije mwingine akaitika.

Siku moja, saa nne asubuhi, katika jengo jipya la ofisi, aliingia peke yake ndani ya lifti ili aikague. Milango ikafungwa. Kioo cha uzito kikaonyesha kilo zake, kikasita, kisha kikapanda taratibu kwa kilo thelathini, uzito wa mtoto wa miaka kumi. Harufu ya kiberiti ikajaa.

"Leo tunasoma nini, mwalimu?" iliuliza sauti nyuma ya bega lake. Ilikuwa sauti ya Kasuku, barabara, hata kile kikohozi chake kidogo.

Hakugeuka. Alitoa kalamu, akaiegemeza kadi ya ukaguzi ukutani. Kulikuwa na kisanduku cha idadi ya watu waliomo ndani wakati wa ukaguzi. Katika miaka ishirini hakuwahi kuacha kisanduku kitupu, na sasa alijua nani angekijaza.

Akaandika: wawili.