Ukipata Zuri, Mpe

Asger alitumwa kitu kimoja tu: atoke nje ya mkahawa, amchungulie mtoto kwenye kigari chake, amfunike vizuri, arudi kabla chokoleti haijapoa. Kazi ya dakika moja kwa mwanamume mwenye ndevu zake. Mimi ni mtu wa kutia hadithi chumvi, wanaonijua wanajua. Hii nimeiacha na chumvi iliyozaliwa nayo.

Ilikuwa Bergen, juu ya mlima, saa kumi na moja na ushei. Manyunyu yanaanguka, majani mekundu yameganda chini kama viraka, mji umeshawasha taa kule bondeni.

Walikuwa wanakula likizo ya viazi, kama wazee wa kwao Denmark wanavyoiita ile wiki ya Oktoba. Asger, mkewe Tilde, binti yao Vigga wa miaka sita, na kitoto cha kiume cha miezi mitano. Kopenhageni walipanda bembea katikati ya maboga. Gothenburg walikula kamba wa baharini mpaka Vigga akatapika. Oslo walitazama meli za kale. Na kila mji walipolala, walilala na ugomvi uleule.

Jina.

"Holger," Asger angesema. "Jina la babu yangu."

"Holger ni jina la mtu mwenye meno ya bandia. Mimi nasema Birk."

"Birk ni mti, Tilde. Unataka kila Oktoba mwanangu apukutike?"

Sheria ya kwao inawapa wazazi miezi sita ya kuchagua, na wale ni watu wa kutumia haki yao hadi siku ya mwisho. Basi mtoto akawa mtoto tu. Vigga ndiye aliyemwita Soseji, kwa jinsi alivyokuwa mnene na mwekundu.

Asubuhi ile mama yake Asger, bi Gudrun, alikuwa amepiga simu.

"Mlimani hamwendi na mtoto asiye na jina. Mpeni hata la kuazima."

"Mama, huko juu kuna mazimwi ya mbao tu. Watoto wanapiga nayo picha."

"Ya mbao ni ya watalii. Watu wa Chini ya mlima wenyewe wanavaa sweta kama mimi na wewe."

Asger alicheka mpaka akakata simu bila kuaga.

Sasa nje ya mkahawa vigari sita vilikuwa vimepangwa ukutani, chini ya paa, mtoto amelala ndani ya kila kimoja. Kwao mtoto asiyelala kwenye baridi wanamwonea huruma. Wazazi wanawaacha nje, wanaingia kunywa, na hakuna anayegeuka nyuma.

Cha saba kilisimama ubavuni mwa kigari cha Asger. Cha kizamani, magurudumu makubwa, kinachuruzika maji kama kimeopolewa kisimani. Mwanamke wa sweta ya kijivu alikuwa akikitikisa.

Kwiii... kwiii...

"Wako amenona," alisema. Kinorwe chake kilikuwa cha bibi za bibi.

"Anakula kunishinda mimi."

"Wangu hashibi." Hakuinua uso. "Wako anaitwa nani?"

Hapo ndipo. Angesema Holger, nisingekuwa na la kuwasimulia. Angesema Birk, vilevile. Lakini Asger hakuwahi kuuacha mzaha umpite.

"Bado tunagombana, mama. Ukipata zuri, mpe."

Mwanamke akaacha kutikisa.

"Nimesikia," akasema.

Asger akavuta blanketi hadi kwenye kidevu cha mwanawe, akarudi ndani. Chokoleti ilikuwa bado ya moto.

Mezani, kati ya vikombe, kulikuwa na kiredio chao cha kumsikilizia mtoto. Pacha wake alikuwa kigarini. Taa yake ya kijani ikawaka. Pumzi. Kwiii... kwiii... Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, karibu mno, kama midomo imegusa kiredio.

"Hana jina."

Sauti ya pili ikajibu, nzito, kama inatoka chini ya sakafu.

"Nani kasema?"

"Baba yake."

Tilde akamtazama mumewe. "Umesema nini huko nje, Asger?"

Asger alishaangusha kiti, yuko mlangoni.

Vigari vilikuwa sita.

Chao kilikuwapo. Mtoto alikuwamo, amelala, blanketi kidevuni vilevile. Tilde akacheka huku machozi yanamtoka. Palinuka tu. Udongo uliofukuliwa... na kitu kama maji yaliyolala. Asger akasema ni majani yanaoza.

Vigga akachungulia kigarini.

"Huyu si Soseji."

"Vigga, acha utani."

"Soseji ana alama nyuma ya sikio. Hili hapa."

Alama ilikuwapo. Ilikuwa kwenye sikio la pili. Kama mtu amemnakili mtoto akimtazama kwenye kioo.

Mtoto akafumbua macho. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mpangaji anayekagua chumba.

Hakulia.

Aliyelia alikuwa ndani ya kiredio, mkononi mwa Tilde. Kilio chao wenyewe, kile cha njaa, chenye kikwaruzo mwishoni. Na mdomo wa aliye kigarini umefungwa.

Pacha wa kiredio hakuwamo tena kigarini. Kiredio kile kinashika hatua mia tatu, zaidi ya hapo kimya. Basi alikuwa karibu. Wakaingia msituni wakikimbia, Tilde anasukuma kigari kwenye mizizi, Vigga ameshika koti la baba. Mazimwi ya mbao yalisimama njiani na pua zao ndefu, yakiwapisha. Kilio kilikuwa mbele, nyuma ya misonobari. Sasa ilibaki kumwita tu.

"Holger," Asger akaita.

Kilio kikasogea mbali.

"Birk," akaita Tilde. "Birk, mwanangu."

Mbali zaidi.

"Holger—"

"Nyamaza na Holger wako, unamfukuza."

Vigga akaweka mikono mdomoni. "Soseji."

Kilio kikakatika. Pakawa kimya hata matone yakasikika yakianguka jani moja moja. Mtoto alikuwa anasikiliza... Kisha sauti ya mwanamke ikaja, kwa upole kabisa.

"Hilo si jina, binti."

Taa ya kijani ikazima.

Polisi walikuja na mbwa. Mbwa akanusa kigari, akakaa chini, akakataa kuinuka. Askari alimtazama mtoto, akamtazama Tilde.

"Mama, mtoto wenu si huyu hapa?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Hata damu walipima waliporudi kwao Aarhus. Ikasema ni mtoto wao.

Bi Gudrun alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Msimpe jina huyu," akasema. "Wako wawili, na atakayetangulia kuitwa akaitika, wote wawili wanabaki walipo. Mkimwita huyu, wenu harudi. Na wao wakimwita wenu..."

Akamgeukia Asger.

"Nilikwambia umpe hata la kuazima."

"Mama, usinisimange."

"Sikusimangi, mwanangu. Namlilia."

Jina lenyewe walishakubaliana kwenye treni ya kurudi: Holger Birk, yote mawili. Miezi mitano iliwashinda, safari moja ikatosha. Na kila magharibi ilipoingia, kiredio kiliwaka chenyewe, Aarhus huko, bahari katikati, na wakamsikia analia. Tilde alikibandika mdomoni akaita Holger Birk, Holger Birk, mpaka Asger akamshika mkono. Kiredio kile ni cha kusikia tu. Hakina pa kusemea.

Novemba Asger alirudi mlimani peke yake. Siku tatu aliita hadi sauti ikamkauka. Aliyegeuka ni mzee mmoja na mbwa wake.

Siku ya mwisho ya ile miezi sita ikafika. Fomu ya serikali iko mezani, nafasi ya jina nyeupe. Vigga kalala kwa bibi yake. Yule mwingine yuko chumba cha pili, kigarini, macho wazi, kama siku zote. Tangu Bergen hakuwa amelia hata mara moja.

Saa kumi jioni, giza la mapema la kwao likaingia. Taa ya kijani ikawaka.

Hapakuwa na kilio.

Kwiii... kwiii... Mtoto wao alikuwa anacheka. Kicheko cha tumboni, cha mtoto aliyeshiba. Kisha mwanamke akamwita.

Alilitaja mara moja tu. Halikuwa Holger. Halikuwa Birk. Asger akamtazama Tilde, akaona na yeye amelisikia, na amelisikia vilevile. Lilikuwa jina zuri. Lilimkaa yule mtoto kama ngozi yake. Mmoja wao angelitamka kule Kopenhageni, kwenye bembea, wangekubaliana kabla ya kushuka.

Mtoto akaitika.

Papo hapo, chumba cha pili, yule asiyelia akaangua kilio. Hakikuwa cha njaa wala cha baridi. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyemsikia mama yake akimwita mwingine.

Tilde akainuka. Asger akabaki na kalamu mkononi, anasikiliza nyayo zake, mlango, kisha mkono wake ukianza kukitikisa kigari, polepole, hadi kilio kikalegea.

Kwiii... kwiii...

Kigari chao kilikuwa kipya. Hakijawahi kutoa mlio.