Hodi Katika Chumba Namba Kumi na Nne

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa. Lakini wapo waliofunzwa barabara na mama zao, na ulimwengu haukuwaonea haya. Binti wa jirani yangu ni mmoja wao. Mtaani tulimwita Msomi tangu yuko darasa la tatu, kwa jinsi alivyosoma hata karatasi za kufungia sukari. Basi akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, na mtaa mzima tukajiona tumefaulu sisi.

Furaha yake ilikuwa na doa moja. Mama yake ni mjane, naye ndiye mtoto pekee.

"Utabaki na nani, mama?" aliuliza asubuhi ya safari, huku anakaza kamba ya sanduku.

Mama akacheka. "Nitabaki na majirani wambeya, nakosa nini? Wewe shika adabu tu. Nyumba ya watu usiingie bila hodi, usitoke bila kuaga. Na ukifika unipigie, hata kabla ya kuvua viatu."

Alifika bwenini adhuhuri ya siku iliyofuata, macho mazito, sanduku limekatika gurudumu. Mtunza bweni, mwanamke aliyening'iniza miwani kifuani, akampa fomu atie sahihi, kisha ufunguo wenye kibao cha mbao kilichoandikwa 14. Walizungumza kwa lugha ya wenyeji.

"Ghorofa ya pili, mwisho kabisa. Utalala peke yako. Chumba hicho hakijakaliwa muda mrefu, kwa hiyo fungua dirisha."

Msomi akapanda, sanduku likigonga kila ngazi. Akafungua mlango, halafu mguu ukasita kizingitini. Alivyolelewa, mtu haingii mahali pageni kimyakimya kama paka mwizi, pawe na watu au pawe patupu. Akasema, nusu kwa mzaha, "Hodi!"

"Karibu," sauti ikaitika ndani. "Pita, mwanangu."

Alivyofurahi! Kutoka mbali kote kule, halafu Kiswahili! Tena sauti ya mwanamke mzee, ya kiungwana. Akaingia mbiombio, akafunga mlango, akachomeka ufunguo kwa ndani, akaukaza kama alivyozoea kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Ndipo alipotazama vizuri. Kitanda kisicho na shuka. Meza. Kabati, milango wazi, tupu. Kiti kimoja kimeelekezwa ukutani. Hapakuwa na mtu.

"Keti," sauti ikasema. Kiti kikageuka.

Jamani! Msomi akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akazungusha ufunguo. Ulizunguka bure. Akavuta kitasa kwa mikono miwili. Mlango haukutikisika.

"Hata hujaketi, unataka kutoka?" Sasa sauti ilinong'ona, karibu na sikio. "Wengine huingia tu. Wanatupa mizigo, wanalala. Wewe umepiga hodi. Wewe ni mgeni wangu."

Msomi akamfikiria mama yake, amekaa anaisubiri simu. Hapo akajua la kufanya. Mgeni hatoki bila kuaga.

"Bibi," akanong'ona, "naomba ruhusa. Mama yangu hajui kama nimefika."

"Mama yako yuko na nani?"

"Yuko peke yake."

Kisha ufunguo ukazunguka wenyewe, taratibu.

"Maskini," sauti ikasema. "Haya, nenda. Msalimie."

Mlango ukafunguka. Na hapo ndipo adabu ilipomponza. Mdomo ulitangulia akili. Alisema yale tunayosema sote tukiaga, kila siku, bila kufikiri.

"Asante, bibi. Nawe karibu kwetu."

"Haya," sauti ikajibu, na ilikuwa na furaha. "Nimekaribia."

Alishuka ngazi mbili mbili. Mtunza bweni akaenda kutazama, akarudi na sanduku. "Hamna mtu. Na ufunguo hamna pia. Umeuweka wapi?" Msomi alikuwa tayari anapiga simu.

Mama akapokea kwa kigelegele. "Mwanangu! Umefika salama?"

"Mama, nisikilize..."

"Ngoja kidogo, kuna mtu anapiga hodi."

"Mama, usiitike! Mama!"

Alipiga ukelele hadi watu wote pale chini wakageuka. Lakini nani aliyemfunza Msomi adabu kama si mama yake? Akamsikia vizuri, mchangamfu, kama kila siku.

"Karibu! Pita ndani!"

Simu ikakatika.

Akanipigia mimi, analia. Nikatoka mbio na mikono yenye sabuni. Nilimkuta jirani yangu amesimama ndani ya kizingiti chake, mlango wazi, uso ameuelekeza nje.

"Naomba ruhusa," alikuwa anasema kwa upole, kama anamwambia mtu aliye nyuma yake. Akangoja. "Naomba ruhusa."

Nikamvuta mkono. Hakusogea. Wakaja vijana wanne wa mtaa, nao wakashindwa.

Huu ni mwaka wa pili, na bado amesimama palepale. Msomi aliiacha nafasi yake, akarudi wiki ileile. Huketi nje kwenye ngazi, anamlisha mama yake kwa kijiko kupitia mlangoni. Hajaingia. Kila akifumbua mdomo ili apige hodi, mama yake hutikisa kichwa kwa hofu, machozi yanamtiririka. Nasi majirani hatuna tena mazoea ya kupiga hodi kwa mtu.

Jambo moja sijamwambia Msomi. Siku ile, kabla hajarudi, nilizunguka nyuma nikachungulia dirisha la chumba chake. Kiti kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama kitanda. Na juu ya mto wake palikuwa na ufunguo wenye kibao cha mbao, namba kumi na nne.