Aliyejibu Ndani ya Tanuri

Kwenye kampuni ile inayopika makaa ya mawe mpaka yatoe gesi, tanuri haliwashwi kabla halijagongwa. Fundi hupiga chuma mara tatu kwa spana, kisha anatega sikio. Kama kuna mtu kasahaulika ndani, atajibu. Miaka yote hakuna aliyewahi kujibu, na mafundi walishazoea, wakawa wanagonga ili mradi wamegonga.

Asubuhi hiyo aliyegonga ni fundi mkuu, waliyemwita Mzee Koki, mtu wa maneno mengi na kikohozi sugu cha vumbi la makaa. Ngo, ngo, ngo. Ndani kukajibiwa: ngo, ngo, ngo.

Msaidizi wake alikimbilia ubaoni. Pale kila fundi hutundika kibati chake upande wa ndani akiingia tanurini, na kukihamishia upande wa nje akitoka. Vibati vyote vilikuwa nje. Wakafungua mlango wa chuma, wakamulika kwa tochi. Kuta nyeusi, hamna mtu, ila harufu ya nywele zilizoungua.

"Chuma kinapoa hicho," alisema meneja. "Washeni, watu wanasubiri gesi."

Sasa mwenye akili zake angenyamaza hapo. Lakini Mzee Koki na ulimi wake, nani angemzuia? Akaingiza kichwa mlangoni. "Kama upo, toka basi. Twende nyumbani, mke wangu atakupikia."

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tanuri likawashwa, na kutwa nzima halikugonga tena.

Nyumba za wafanyakazi zilipikia gesi hiyo hiyo, inakuja kwa bomba mpaka jikoni. Jioni ile mke wa Mzee Koki aliona moto wa jiko, ule wa buluu usio na moshi, umelala upande mmoja kuelekea kiti cha mumewe, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kesho yake bomba la ukutani likagonga mara tatu. Siku ya tatu aliandaa chakula cha watu wawili, akageuka kuchukua maji, aliporudi mezani zilikuwepo sahani tatu, na ile ya tatu ilikuwa ya moto, haishikiki.

"Mume wangu," alinong'ona, "umekuja na nani humu?"

"Nimekuja na njaa," Mzee Koki alijaribu kutania, lakini aliisukuma sahani ya tatu kwa kijiko, mbali naye.

Tabibu waliyemwita, mama mmoja mkali asiyependa porojo, alikataa kuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni akanusa. "Hawa majini asili yao ni moto usio na moshi," alisema. "Na nyie kule kazini mnatengeneza nini?"

"Gesi," alijibu Mzee Koki.

"Umemkaribisha kwa kinywa chako, mrudishe kwa kinywa chako, pale pale ulipomwita. Ingia, mwambie safari imeishia hapo, utoke. Atakuita. Usigeuke."

"Na akigeuka?" mke aliuliza.

"Basi wewe usimpokee atakayerudi."

Kesho yake tanuri lilikuwa limeshazimwa na kupoa ili lisafishwe, na mchana Mzee Koki akaenda. Mkewe alibaki jikoni na hofu yake, akakaa, akainuka, akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa, huku akisikiliza bomba la ukutani ambalo leo lilikuwa kimya, na kimya chenyewe kikamtisha kuliko kugonga, akawa anaomba tu arudi, arudi vyovyote vile, mpaka mlango ulipofunguliwa na mumewe akaingia, akaketi kwenye kiti chake.

"Yamekwisha, mke wangu," alisema akitabasamu.

Nusura mkewe alie kwa furaha. Akampakulia chakula kikiwa kinatokota. Mumewe alikula bila kupuliza, tonge baada ya tonge, na mkewe alisimama akimtazama, akihisi kuna kitu kimepungua asijue ni nini.

Simu ikaita. Alikuwa msaidizi wa mumewe, akisema kwa sauti ya chini. "Mama, Mzee Koki yupo hapo?"

"Yupo. Anakula."

"Afadhali. Tulimwona akitoka, tukafunga mlango. Lakini kibati chake bado kiko upande wa ndani. Na tumegonga, kuna anayejibu. Meneja anasema ni chuma kinapoa kama siku ile, tuwashe tu. Nikaona nikuulize kwanza."

Hapo ndipo alipojua kilichopungua. Tangu mumewe aingie, hakuwa amekohoa hata mara moja.

"Weka sikio kwenye chuma," alinong'ona. "Huyo anayejibu, anakohoa?"

Akasikia spana ikigonga kule mbali, mara tatu. Akasubiri.

"Anakohoa, mama."

Mezani, mumewe aliacha kula. "Waambie wawashe," alisema kwa upole, kwa sauti ile ile ambayo mkewe alilala akiisikia miaka ishirini.

Mwanamke alishika simu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

"Fungueni," alisema. "Mtoeni mume wangu."

Nyuma yake kiti kilisogezwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikamfikia shingoni.