Msikilizaji wa Mwalimu Kuai

Nisameheni mapema. Hadithi ya jini humfaa msimuliaji aliyekonda, mwenye sauti ya kisimani. Mimi nina kitambi na sauti ya mnadani. Nikiharibu mahali pa kutisha, tetemekeni tu kwa hisani.

Ilianza na uzi kukatika. Kuai Jingtang alikuwa nyumbani kwake mjini Yangzhou, mchana wa mvua, akipiga guzheng, yule ndugu mrefu wa kanuni ya taarabu, mara uzi mnene ukakatika wenyewe, kwaa!

Ujanani watu walisimama barabarani kumsikiliza. Kisha wakampa okestra aiongoze, na kwa miaka ishirini akawa mtu pekee jukwaani asiyetoa sauti, watazamaji wakimjua kwa kisogo. Mkewe alikuwa ameshafariki. Sasa anastaafu, na katika tamasha la kumuaga alitaka jambo moja tu: ageuke, akae, apige mwenyewe, watu wamsikie.

Wapiga guzheng husema uzi ukikatika wenyewe, kuna mtu amejificha anasikiliza, na adabu ni kumkaribisha. Kuai akacheka, akauambia mlango mtupu: "Wewe uliyejibanza huko, miguu haikuumi? Ingia ukae."

Kiti cha mbele yake kikalia, kama kiti kinavyolia kikikaliwa. Harufu ya tope la mfereji ikajaa chumbani. Vidole vya Kuai havikusimama, maana kila alipobonyeza uzi ili sauti ipindike, palitoka pumzi kutoka kile kiti, pumzi ya mtu aliyeguswa mahali penyewe.

Siku ya pili akaingia Bi Miao, mpiga filimbi wa okestra, mwanamke asiyebisha hodi.

"Mwalimu, mbona unazipapasa nyuzi kama unatafuta chawa? Piga basi!"

"Si napiga?"

"Unampigia nani? Mimi nasikia mvua tu."

Akapiga kwa nguvu, nyuzi zikatetemeka mbele ya macho yao. Mzaha wa Bi Miao ukafa. Akanong'ona, "Mwalimu... hicho kiti kinachuruzika maji. Nani amekikalia?"

Akaletwa Bibi Ge, mganga wa dini ya Kitao. Alinusa tu mlangoni.

"Huyu hakuvamia, baba. Ulimwalika. Anakunywa sauti yako yote, tone halibaki kwa mwingine. Mgeni hapigwi hirizi, huagwa. Inua kikombe chako cha chai kwa mikono miwili, usinywe. Hata wafu wanajua maana yake ni ziara imekwisha. Ukimwacha mpaka tamasha, ukumbi mzima utatazama vidole tu, hautasikia kitu."

"Na ukimwonea huruma," Bi Miao akadakia, "mimi nitakupiga na filimbi."

Wakamwacha peke yake. Kuai akainua kikombe kwa mikono miwili, na kiti kikalia tena, pole pole, kama mzee anayeinuka asipotaka, na nyayo za maji zikajichora sakafuni moja baada ya nyingine kuelekea mlangoni, na ile harufu ya tope ikazifuata, na pumzi ikafuata harufu, mpaka nyumba ikabaki vile ilivyokuwa tangu siku waliyomzika mkewe, mvua na saa ya ukutani, saa ya ukutani na mvua.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Kuai akaweka kijiti cha kuongozea chini, akageuka, akaketi. Akapiga kama hajawahi kupiga. Mwenyewe alisikia kila sauti ikipaa. Watu wakaanza kukohoa. Mzee mmoja akakitoa kifaa chake cha masikio, akakipigapiga kwenye goti, akakirudisha, akakitoa tena. Kuai alipomaliza, hakuna aliyejua kwamba amemaliza. Ndipo katika safu ya mbele, kwenye kiti kisicho na mtu, mikono iliyolowa ikaanza kupiga makofi.

Nyuma ya pazia Bi Miao alikuwa akilia kwa hasira. "Bibi Ge si alisema ataondoka? Jini gani huyu asiye na haya!"

"Usimtukane bure," Kuai akasema, akibandua kucha za bandia za kupigia, kidole kimoja kimoja. "Yeye alikuwa ameshavuka kizingiti. Ni mimi niliyemkimbilia na birika, nikamwambia arudi anywe chai."