Benchi la Ushauri Nasaha

Mtaa wa mafundi simu ulikuwa umefurika: spika zinabishana, watu wanakanyagana, na kila fundi anamvuta mteja kwa mkono. Mbele ya kibanda cha kijana aliyeitwa Bisibisi alisimama msichana mwenye blauzi ya kijani ya kampuni ya maji, imenyooshwa pasi vizuri, na viatu vya kazini vilivyolika visigino. Akaisukuma simu yake juu ya kioo.

"Fundi, nitolee kidude kinacholia."

"Dada, mlio unazimwa hapa pembeni. Bure."

"Sitaki kuuzima. Nataka ukiondoe kabisa, kisilie tena maishani."

Bisibisi alicheka mpaka akashika mbavu. "Watu wote wanataka simu ilie zaidi. Wewe nani anakufuata, askari?"

"Mji mzima," alisema msichana, na kicheko kikamponyoka.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja kutwa nzima, akitukanwa kwa niaba ya mabomba. Bisibisi alisema ni dhambi sauti kama ile kuuziwa kampuni ya maji. Akamwita Sauti, na jina likamkaa.

Ambacho Sauti hakukisema ni kwamba siku hizi kila mlio ulimkaba koo. Ilianza kidogo kidogo: viganja kulowa, kisha moyo kwenda mbio, kisha ile hakika ya kwamba anakufa, hapo hapo kitini, huku mteja akimwuliza mbona yuko kimya.

Basi wakapendana kwa ujumbe wa sauti.

"Mbona hupokei simu zangu, mpenzi?"

"Nikipokea nitakwambia karibu huduma kwa wateja."

"Sawa, mimi mteja. Bomba la moyo limepasuka."

"Fundi atafika kati ya saa mbili na saa kumi. Usitoke nyumbani."

Mchana mmoja Sauti alianguka kazini. Hospitalini walimpima moyo, wakaukuta mzima. Daktari akamweleza bila kuzungukazunguka: ni hofu inayopanda ghafla, wengi wanayo, inatibika. Akamwelekeza mwisho wa ukumbi, kwenye chumba chenye benchi la bluu nje.

Chumba kile kilikuwa chema. Mshauri, mama wa makamo asiye na haraka, alimfundisha kutoa pumzi polepole na kuisubiri hofu ishuke, maana hupanda lakini hushuka pia. Tabu ilikuwa mlangoni. Mlango uliandikwa Ushauri Nasaha, na kila mtu mjini alikuwa na tafsiri moja ya maneno hayo: huko ndiko unakoambiwa kwamba damu yako ina virusi.

Dada yake Bisibisi alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini hapo hapo. Akapita na toroli lake, akamwona wifi yake mtarajiwa kwenye benchi, na jioni hiyo hiyo Bisibisi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Sauti bila kuvua kofia.

"Dada kakuona ushauri nasaha."

Sauti aliendelea kukunja blauzi yake ya kijani.

"Niambie tu, mpenzi. Ni virusi?"

Hapo Sauti akamkumbuka mama yake mdogo. Alikuwa akitoka sokoni mbio ameshika kifua, watu wakamwita kichaa, ukoo ukamfungia chumba cha uani mpaka akafia humo. Wachumba waliokuja kuposa mabinti wengine wa nyumba ile walinong'onezwa habari zake, wakaaga kwa adabu na hawakurudi. Wenye virusi, Sauti aliwajua: jirani yake mmoja alimeza dawa zake, akaenda kazini, akazaa watoto wazima. Akachagua aibu iliyo nafuu.

"Ndiyo," alisema.

Bisibisi aliondoka bila kuaga. Wiki nzima hakutuma hata neno, na ukimya nao ukamkaba Sauti kama milio ilivyomkaba. Kisha jioni moja Bisibisi alirudi, amekonda, amevaa shati jeupe la kutokea.

"Nimepima, mimi sina. Nimeongea na daktari. Ukimeza dawa vizuri tunaishi, tunazaa, hakuna shida. Dada nimemwambia afunge mdomo wake." Akameza mate. "Nataka kukuoa, Sauti."

Sauti alilia mpaka kwikwi zikamshika, naye Bisibisi akadhani ni furaha. Kumbe Sauti aliona wazi kwamba anayeposwa ni mwanamke mwingine, yule mgonjwa wa kubuni.

"Alhamisi nisindikize kliniki," alisema. "Nitakujibu huko."

Siku hiyo waliketi pamoja kwenye benchi la bluu. Sauti akapiga moyo konde.

"Sina virusi. Sijawahi kuwa navyo."

Bisibisi alicheka kwa sauti, akambusu viganja vyote viwili. "Sasa hapa tunafuata nini, mama?"

Sauti akamweleza yote: milio, kuanguka, mama mdogo. Bisibisi hakuuachia mkono wake, ila alilegeza vidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ni kichwa."

"Ni hofu. Ina tiba, na ninatibiwa."

"Mama yako mdogo alianzaje?"

"Kama mimi. Ila yeye hakuna aliyemleta kwenye benchi. Walimfungia."

"Na kabla yake? Bibi yako je?"

Sauti alimgeukia. Bisibisi alikuwa akimtazama kama anavyotazama simu iliyoingia maji, inayowaka leo na ambayo fundi hathubutu kuiwekea dhamana.

"Virusi nilishajua nitafanyaje," Bisibisi alisema taratibu, wala hakusema kwa ubaya. "Nilijiandaa wiki nzima. Lakini hili... watoto wetu, Sauti."

"Watoto ambao ungezaa na mimi nikiwa na virusi."

Bisibisi aliinamisha kichwa. "Na ulinidanganya."

"Nilikudanganya, nisamehe. Kwa hilo tu. Kwa kuumwa sikuombi msamaha."

"Nipe muda."

"Chukua."

Aliondoka akipita kando ya matoroli ya mashuka, na kwenye kona hakugeuka. Sauti alimfuata kwa macho, akajua kwamba muda ule hautakwisha. Kifua kikambana. Akakishika kwa mikono miwili, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye blauzi ya kijani.

Mlango ukafunguka. Mshauri akamwona, akachuchumaa mbele yake haraka.

"Imepanda, binti yangu? Toa pumzi. Taratibu."

Sauti alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Leo siyo hofu. Nimeachwa."