Mhuri Usiosomwa na Kompyuta

Mimi naitwa Teodora. Nauza samaki Mkuyuni. Kosa la hadithi hii ni langu, nalisema mapema ili mtu asimsingizie mwanangu.

Mwanangu ni Paskazia. Alifanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha samaki, kiwanda kikafungwa. Tangu hapo aliomba kazi mara kumi na moja. Hakuitwa hata mara moja. Nikachoka kumwona amekaa, nikamnunulia jembe jipya.

"Tangazo hili la kazi linalofungwa Ijumaa ndilo la mwisho," nilimwambia. "Wakikunyamazia tena, unakwenda Ukerewe kwa bibi yako kulima mihogo."

Hakubisha. Alilitazama jembe, akaenda kuosha vyombo. Iliniuma, lakini nilijikaza.

Jumatano jirani yetu Gladness alikuja nyumbani kununua sato. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya ajira ya kampuni moja hapa mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu mwangalie mwenzako huyu. Ana mkosi gani? Au mpaka uwe na mtu wako ndani?"

"Ngoja kwanza nione anachotuma," alisema Gladness.

Paskazia akafungua wasifu wake kwenye simu. Nilijivunia sana karatasi ile. Mimi ndiye niliyetaka iwe na maua pembeni na picha yake juu. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mtendaji wa mtaa igongwe mhuri. Kisha watu wa stesheneri wakaipiga skani. Kwani karatasi isiyo na mhuri ni karatasi gani?

Gladness akabonyeza neno moja kwa kidole. Halikushikika. Akabonyeza jingine, nalo vilevile.

"Mama, hii yote ni picha," alisema. "Sisi tangazo moja tunapata maombi mia tano. Kompyuta inasoma kwanza, sisi tunasoma yale iliyoyapitisha. Mara nyingi haioni maneno ndani ya picha. Kwake hii ni karatasi tupu."

"Na mhuri?"

"Mhuri haiujui."

Nilikaa chini. Mara kumi na moja nampamba mtoto apendeze, kumbe namziba mdomo.

"Ijumaa bado, mama," Gladness alinituliza. Akaenda kwake, akarudi na laptopu. "Tunaandika upya, Paskazia. Maandishi ya kawaida. Maua hapana, picha hapana. Ukimaliza usichape na kuskani. Tuma faili lenyewe, na uliite kwa jina lako."

Kisha akalisoma tangazo polepole. "Wanataka mtu wa ukaguzi wa ubora na kutunza kumbukumbu za joto. Wewe umeandika nini?"

"Kazi mbalimbali za kiwandani."

"Mbalimbali zipi?"

"Nilikuwa napima joto la samaki kila saa, naandika kwenye daftari. Waliolegea nawatenga."

"Basi ndizo hizo. Ziite kama tangazo linavyoziita. Kompyuta inatafuta maneno yaleyale."

Nikadakia, "Muongezee na udereva. Nao wameutaja."

"Anajua kuendesha?"

"Atajifunza."

"Hapana, mama. Kwenye usaili atakutana na watu. Uongo utamuumbua."

Mdomo wangu huu.

Walipomaliza, Gladness alibonyeza neno tena. Safari hii lilishikika. Alhamisi asubuhi Paskazia akatuma maombi yake.

Baada ya wiki mbili simu iliita. Anatakiwa kwenye usaili, aje na vyeti halisi na barua ya mtendaji yenye mhuri. Niliposikia hilo nilicheka mpaka machozi. Kumbe mhuri wangu ulikuwa na kazi yake, ila niliuwahisha.

Sasa Paskazia ana mwezi wa tatu kazini. Anavaa koti jeupe na gambuti, na jioni ananieleza habari za samaki kama vile mimi siwajui. Namwacha aeleze. Nafurahi mno kumsikia.

Gladness nilimpelekea sato mkubwa kuliko wote niliokuwa nao siku hiyo. Nilimshukuru mpaka akaniomba nipumzike. Lile jembe nalo nikampa. Analitumia kulimia mchicha nyuma ya nyumba yake. Kila nikilisikia linagonga udongo, namshukuru Mungu kwamba haliko Ukerewe.