Kiapo Kimevunjika

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Kidole alipiga magoti mbele ya kabati la chumba cha nyuma. Jina hilo alipewa kwa sababu alichapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja tu, upesi kama kuku anayedonoa. Kabati lenyewe lilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai sitini, feni ndogo, sinia la maji na balbu mbili za kutia joto. Juu ya mlango palikuwa na kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiberiti, yenye kioo kidogo cha namba.

"Thelathini na saba nukta sita," Kidole alisoma, akaandika daftarini. Siku ya kumi na nane. Zilibaki tatu.

"Ya Mama Cherehani umeyatazama?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimeyatazama, mama."

Nusu ya mayai yalikuwa ya jirani yao, fundi wa kushona nguo. Mama hakuacha kukumbusha. "Ya kwetu yakiharibika ni shauri letu. Ya mtu ni amana, na amana ina Mwenyewe anayeitazama."

Programu iliyoendesha mashine aliiandika Kidole, akifundishwa na shangazi yake, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Kila baada ya sekunde kumi programu ilisoma kipimo cha joto kilichoning'inia kwa waya katikati ya mayai. Joto likipungua, iliwasha balbu. Likizidi, ilizizima.

Shangazi alimfundisha njia mbili za kukagua makosa. Ya kwanza waliiita kiapo. Ni mstari mmoja tu, programu inaapa kwamba jambo fulani haliwezi kutokea. Likitokea, programu yote inasimama palepale. Ya pili waliiita dharura. Hapo unaandika mapema kwamba jambo hili likitokea, fanya hivi na hivi, kisha endelea.

"Kiapo ni cha kukamata makosa yako wewe mwandishi," shangazi alisema. "Waya, umeme, watu, hivyo haviko mikononi mwako. Viwekee dharura."

Lakini dharura ina mistari mingi, na siku ile wenzake walikuwa wanaruka kamba nje. Kidole aliandika kiapo kwamba joto haliwezi kuwa chini ya sifuri, akatoka mbio. Jioni shangazi alipouliza kwa simu kama amekiwekea kipimo dharura yake, alijibu, "Nimeweka, shangazi."

Siku ya kumi na moja programu ilisimama. Kioo kiliandika: KIAPO KIMEVUNJIKA. JOTO CHINI YA SIFURI. Waya wa kipimo ulikuwa umelegea, ukaleta namba ya uongo. Kwa bahati balbu zilikuwa zimezimwa, mayai yakapoa kidogo tu. Kidole aliusukuma waya, akaiwasha kompyuta upya, akanyamaza.

Sasa, siku hii ya kumi na nane, alirudi kutoka shuleni mchana na rafiki yake Redio, msichana ambaye hata akinong'ona husikika barabarani. Mama alikuwa bado ibadani.

"Mbona chumba chenu kina joto kama tanuri?" Redio aliuliza mlangoni.

Kidole akautupa mkoba. Kwenye kioo yalikuwa maneno yale yale. Safari hii balbu zote mbili zilikuwa zinawaka, na programu iliyopaswa kuzizima ilikuwa imekufa. Kipimajoto cha kioo, ambacho mama hukiegemeza nyuma ya kidirisha cha mlango, kilionyesha arobaini na nusu. Mstari mwekundu ulikuwa unapanda.

Aliikamata plagi ya balbu. Ikamponyoka.

"Chomoa, wewe! Utamrudishia Mama Cherehani mayai ya kuchemsha!"

Hakuna aliyecheka, hata Redio mwenyewe.

Plagi ikachomoka. Kidole alifungua mlango, joto likampiga usoni. Mayai sitini yalikuwa kimya. Alitega sikio karibu nayo, asisikie kitu ila feni.

"Sukuma waya, washa, funga," Redio alimwambia. "Nani atajua?"

Kidole alitamani iwe hivyo. Badala yake alichukua simu ya nyumbani kwenye rafu, akakosea namba ya shangazi mara mbili kabla ya kumpata na kumweleza.

"Feni iache izunguke," shangazi alisema. "Mlango uwe wazi upana wa kiganja mpaka joto lishuke. Waya umelegea? Basi urudishe vizuri, uwashe. Nitapita Jumamosi kuutazama." Kisha akauliza, "Au imewahi kutokea kabla ya leo?"

Kidole aliutazama waya. Akisema hapana, mayai yangerudi chini ya waya ule ule mbovu, na kesho yeye yuko darasani. Akisema ndiyo, uongo wake wote ungeanikwa.

"Mwanangu, umekwenda wapi?"

"Imewahi, shangazi. Wiki iliyopita. Na dharura sikuandika. Niliweka kiapo."

Kidole alimsikia shangazi akitafuta funguo zake.

"Usiiwashe programu hiyo. Joto likifika thelathini na nane, funga mlango. Balbu uziwashe na kuzizima kwa mkono wako, macho kwenye kipimajoto. Usiondoke hapo. Nakuja na waya mpya."

Kidole akawa programu yeye mwenyewe. Akachomeka, akachomoa. Mstari ukishuka aliogopa, ukipanda aliogopa zaidi. Mama alimkuta hivyo, jasho na machozi vimechanganyika. Kidole alimweleza yote bila kuondoa macho kwenye kipimajoto. 

"Tutamwita Mama Cherehani," mama alisema. "Utamwambia kwa mdomo wako."

Mama Cherehani alikuja na futi yake shingoni, akasikiliza. "Kwa hiyo mmenipikia, na chumvi hamkutia?" alisema, lakini sauti yake haikuwa na utani. Mama alishusha pazia, akawasha tochi nyuma ya yai la kwanza. Kivuli cheusi, kimetulia. Walisubiri. Kikabaki kimetulia. Kidole alifumba macho.

"Fumbua," mama alisema, ameshika yai la pili. Ndani, kitu kilijinyoosha kidogo. "Asante Mungu."

Shangazi alifika, akabadilisha waya, kisha akamsogezea Kidole kompyuta yake. Kidole alichapa kwa kidole chake kimoja kwamba kipimo kikileta namba isiyowezekana, zima balbu, piga king'ora, jaribu kusoma tena.

Walitotolewa vifaranga arobaini na saba. Katika thelathini ya Mama Cherehani walitoka ishirini na wawili. Mama alimjazia wanane kutoka kwa wake, bila kuambiwa.

"Kuweka kiapo mahali pa dharura ni kosa la kujifunza," shangazi alimwambia Kidole siku hiyo. "Hata mimi nimelifanya kazini, na lako tumelirekebisha kwa mistari sita. Lile la kusema umeandika wakati hujaandika, na kuona hatari ukanyamaza wiki nzima, halina mstari wa kulikagua. Hilo ni wewe tu na ulimi wako. Ukiogopa kusema, sema hivyo hivyo ukiwa unaogopa."

Mwezi uliofuata Mama Cherehani alirudi na kikapu cha mayai. Hakukiweka chini.

"Kwanza nionyeshe," alisema.

Kidole aliushika waya wa kipimo. Akauvuta. Wote wakatazama balbu.

Zikazimika. King'ora kikalia mpaka Redio akaziba masikio. Mama Cherehani aliinama, akaanza kupanga mayai yake kwenye trei, moja moja.